Kumalizia kalamu za mbao: gundi, shelaki au mafuta?

Mwanagenzi
Wakereza wenzangu, salamu. Nimekwisha kukereza kalamu nne, zote za kibomba (mrija wa shaba unaokaa ndani ya mbao) cha milimita 7, na kila mara hatua ya mwisho ndiyo inayonishinda. Ya kwanza niliimalizia kwa shelaki, ile vanishi ya utomvu wa wadudu, iliyochanganywa na nta. Iling'aa kama kioo siku ile, lakini baada ya miezi miwili ya kuiandikia imefifia pale pale kidole gumba kinapokaa. Wapo wanaopaka gundi ya supagluu na wapo wanaotosheka na mafuta ya kitani. Ninaomba mnilinganishie njia hizo tatu kwa kalamu ya kutumika kila siku, si ya kuwekwa kabatini.

Msasa600
Kwa matumizi hayo mimi huchagua gundi bila kusita. Shelaki huyeyushwa na spiriti, kwa hiyo mkono uliotoka kupakwa kitakasa mikono huila upesi, na jasho nalo huidhoofisha polepole. Supagluu ikishakauka huwa ganda gumu juu ya mbao, wala haijali jasho.

Kazi yenyewe, hata hivyo, huanzia kwenye msasa. Nikifika namba 600 husimamisha keezo, yaani mashine ya kukerezea, na kusugua kwa mkono kufuata urefu wa nyuzi, kwa sababu ile mikwaruzo ya mzunguko ambayo huioni kwenye mbao kavu hujitokeza yote mara gundi inapoingia, na hapo huwezi tena kuifikia. Kisha hupaka mipako minane hadi kumi, myembamba sana, kwa karatasi laini iliyokunjwa. Usitumie kitambaa cha pamba: kikilowa gundi hupata moto ghafla, na kikinaswa na keezo huvuta na kidole. Vaa miwani na ufungue madirisha, kwani mvuke wake huchoma macho.

NyuziZaMti
Ndugu Msasa600 amesema kweli kuhusu uimara, lakini ninaona amelipita jambo kubwa. Ukishika kalamu iliyopakwa gundi, unachogusa ni gundi. Mimi nilianza kukereza kwa kupenda mbao, na kwenye kalamu ya mzeituni iliyokunywa mafuta vidole bado vinahisi joto la mti na mabonde madogo ya nyuzi zake. Paka kidogo, acha yanywewe, futa yote yaliyobaki juu, ngoja hadi yakauke kabisa kabla ya kurudia. Yanahitaji siku, si dakika. Kinga yake ni ndogo, ninakiri, ila kalamu ikichakaa tone moja huirudisha, ilhali ganda la gundi likipasuka huna budi kulikwangua lote.

Mbao nyeupe usizipeleke kwenye mafuta, kwani hugeuka manjano na kunyonya uchafu wa mkono. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje wala kuyarundika, kwa maana hujiwasha moto yenyewe. Yatandaze nje yakauke.

PatasiKali
Mnabishana kabla ya kuuliza ni mbao gani. Mpingo na jamii yake zina mafuta ya asili, na gundi hukataa kushika usipozifuta kwanza kwa asetoni. Kwa mbao zenye vinyweleo vikubwa, gundi huvijaza vizuri kuliko mafuta. Shelaki ninaiona inafaa chini ya mipako mingine, si peke yake.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Jana nimejaribu gundi, na mambo mawili yameniharibikia: mawingu meupe yametokea chini ya mng'ao, na nilipoitoa kalamu ilikuwa imegandamana na bushi (vile vipete vinavyokaa kwenye ncha zake wakati wa kukereza), ncha moja ikamegeka.

Msasa600
Pole, ndugu yangu. Mawingu hayo mara nyingi huletwa na dawa ya kukaushia inayopulizwa kwa wingi, au mpako mnene uliokauka juu ukabaki mbichi chini. Punguza gundi na uiache ikauke yenyewe. Kuhusu bushi, za chuma zitumie wakati wa kukereza tu. Ukifika kwenye kupaka weka koni za plastiki ambayo gundi haiishiki, na kabla ya kuitoa kalamu pitisha ncha ya wembe taratibu kwenye kiungo ukizungusha keezo kwa mkono. Ncha mbili za mbao nazo uzizibe kwa gundi kabla ya kung'arisha kwa pedi za msasa laini zinazoloweshwa maji, za namba 1500 hadi 12000, la sivyo maji huingia pembeni ya kibomba na mbao hufura.

Hiyo iliyomegeka usiitupe. Kama kile kipande kidogo bado unacho, kirudishe kwa tone la gundi, ukereze ganda lote hadi ufike kwenye mbao, kisha uanze upya na msasa.