Mama na Lasix ya usiku, msaada wakuu

Bi mkubwa yuko Tanga, ana shida ya moyo, miguu inavimba. Kaandikiwa Lasix (dawa ya kukojosha, ya kutoa maji mwilini) ya miligramu 40 kutwa mara mbili. Ya pili anameza baada ya isha, halafu anakesha akienda msalani uani gizani. Sasa anataka kuiacha. Jirani naye kamwambia anywe madafu kurudisha nguvu. Ni sawa?

Jibu 1: Asiache ghafla, maji yatarudi hadi mapafuni. Kidonge kinafanya kazi kwa muda wa kama saa sita tu. Muulizeni daktari kama cha pili kinaweza kuwa saa nane mchana.

Jibu 2: Madafu taratibu kwanza! Lasix inatoa potasiamu (madini ya mwilini), ila kama anatumia na spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojosha, hiyo inaibakiza mwilini, na madafu yamejaa potasiamu. Ikizidi, mapigo ya moyo yanavurugika. Hebu kagua mfuko wake wa dawa.

Muuliza swali: Spironolaktoni ya 25 ipo kweli. Na diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, chini ya mto.

Jibu 2: Diklofenaki hiyo itoe leo, inaumiza figo na kuipunguza nguvu Lasix. Apimwe figo na potasiamu. Mzani kila asubuhi akishakojoa. Zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, msisubiri tarehe ya kliniki. Akiharisha au kutapika, pigeni simu siku hiyohiyo.