Naomba ushauri: albamu ya zeze na gitaa, itoke nzima au wimbo mmoja mmoja?

mtegesha_nyuzi: Wakuu, heshima kwenu. Napiga gitaa kwenye bendi hapa Dodoma. Tumerekodi albamu ya zeze, ilimba (ile ala ya Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba), gitaa la umeme, besi na dramu, Kigogo na Kiswahili. Hakuna amapiano wala singeli humo. Wenzangu wanataka itoke nzima, mimi naona tuanze na wimbo mmoja. Usingizi sipati.

Kaseti Kuukuu: Nzima! Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alishika zeze na ilimba yake mpaka akarekodi na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, albamu ya *Assembly*, 2002. Bendi ya Kiingereza ya Fairport Convention nao mwaka 1969 walitia gitaa la umeme kwenye nyimbo za kale za Uingereza. Enzi zetu kaseti ilisikilizwa pande zote mbili. Mjomba alikuwa na redio moja, weee...

Dada P: Mdogo wangu aliacha chuo kwa ajili ya gitaa, leo anakula kwangu. Tafuta kazi.

Boda Mstaafu: Weka singeli mkuu, bibi atacheza tu 😂

Mama Kijacho: Wenzako wote wameafikiana, wewe unahangaika nini? Kuna kitu hujasema.

mtegesha_nyuzi: Sawa. Kuna prodyuza Dar anatengeneza wimbo mmoja kwa mdundo wa amapiano. Nimeshamtumia sauti, wenzangu hawajui. Lakini sijauza chochote! Watu wakiupenda wataitafuta albamu.

Mama Kijacho: Wimbo wa nani?

mtegesha_nyuzi: Wa mzee wetu wa zeze. Kaurithi kwa babu yake.

Mama Kijacho: Basi haukuwa wako kuutuma, mwanangu. Andikeni kwanza nani katunga nini, nani karithi nini, mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kuanza na wimbo mmoja ni suala la baadaye.

Mchunguzi: Mnalishwa chai hapa. Kajiunga jana, bendi haina jina. Kama unapiga kweli, gitaa linakaaje na zeze?

mtegesha_nyuzi: Jina sitaji, wenzangu wanasoma humu. Zeze halifuati kinanda, kuna sauti zake zinaangukia katikati ya noti mbili. Tuliliacha lilivyo, nikategesha nyuzi zangu kulifuata. Sikwangui nyuzi zote kwa pamoja, nadonoa mbili tatu, la sivyo zinagombana.

Mchunguzi: Aisee, samahani mkuu, hiyo si chai. Sasa kinanda cha huyo prodyuza kitakaaje na zeze? Ama atalinyoosha kwa kompyuta, ama atalitoa.

mtegesha_nyuzi: Kanitumia jana usiku. Kalinyoosha.

Kaseti Kuukuu: Ewe Mola.

mtegesha_nyuzi: Ila mdundo wenyewe mzuri wakuu, msihukumu kabla hamjasikia.

Mama Kijacho: Asikie mzee kwanza. Na usimrushie WhatsApp, nenda kwake.