Naomba ushauri: mpiga bunduki wa msafara anapata kichefuchefu kwenye simuleta

Wakuu, habari. Mafunzo ni ya msafara wa magari manne kwenye VBS3 (programu ya kompyuta ya kuigiza mapigano ya kijeshi), na wafanyakazi wote wa kila gari wanavaa miwani ya VR (uhalisia pepe). Dereva hana shida sana: usukani uko mkononi mwake, kona anaijua kabla haijafika. Tatizo ni mpiga bunduki wa juu. Anazungusha mnara wa bunduki kushoto huku gari likikata kulia, kiti chake kimetulia tuli, na kabla zoezi halijaisha anatapika.

Umbali kati ya mboni za macho tunampimia kila askari, ili miwani imkae sawa. Picha zinakwenda 90 kwa sekunde, ila zinashuka vumbi na moshi vikijaa. Kupunguza vumbi ni rahisi, lakini vumbi ndilo linalomfundisha dereva kutunza nafasi kati ya magari!

Je, mpiga bunduki tumtoe kwenye miwani, tumpe skrini za kumzunguka, au kiti kinachotikisika kinasaidia kweli?

Lingine: ndani ya miwani vitu huonekana karibu kuliko vilivyo, hivyo dereva akiambiwa mita 50 anaacha zaidi. Mnasahihishaje hilo kabla hajapanda lori halisi?