Mrejesho: mizizi ya lenga-lenga (mchicha) imepona

Wapendwa, niliuliza kwa nini mizizi ya lenga-lenga ninayokuza ndani ya nyumba, hapa Goma, bila udongo, katika beseni la mawe ambalo pampu inalijaza maji kutoka ndoo, inageuka kahawia na kunuka. Papa mmoja alijibu: pampu ikizima, maji yanabaki chini ya beseni, mizizi inakosa hewa. Ni kweli kabisa! Sasa beseni liko juu ya meza, ndoo na pampu viko chini, kwa hiyo hata umeme ukikatika maji yanarudi yenyewe ndooni kupitia mpira uleule unaoyapandisha. Mpira wa pili, karibu na ukingo wa beseni, unarudisha ndooni maji yakizidi, yasimwagike. Mawe ya volkano naendelea nayo, yana vitundu vinavyoshika unyevu. Ila yaosheni sana, vumbi lake jeusi linaziba pampu. Mizizi mipya ni myeupe. Aksanti sana, Papa!