Juisi ya parachichi inanitoa jasho, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Mwenzenu kwenye ukwaju najiamini kabisa, naloweka usiku, asubuhi nachemsha na tangawizi na hiliki kidogo, nachuja naweka friji, siku tatu bado iko vilevile. Kesi yangu ni parachichi na pasheni. Nikimaliza tu kusaga ni tamu, nzito, kijani chake kinavutia, ila nikiiacha kwenye jagi mpaka mume arudi jioni juu nakuta utando wa kahawia kama maji ya mtaro, halafu kuna uchungu fulani hivi unabaki kooni. Nimekamulia ndimu, rangi ikatulia kidogo lakini uchungu uko palepale. Dada mmoja anayeuza matunda sokoni akaniambia wewe unasaga mbegu za pasheni, na kweli huwa natupia zote kwenye blenda maana kuchuja kwanza naona uvivu, sasa sijui ndo zenyewe au parachichi halijaiva vizuri au ni haya maziwa ninayoongeza, mana na yenyewe yakikutana na pasheni kuna siku yanakatika vipande vipande, aibu tupu.

Jumamosi nina wageni kama 15 na wakwe wamo. Nisage asubuhi au nisubiri wafike? Na nyie mnaoweka maji ya baridi bila maziwa, ule uzito mnaupataje? Sukari msinishauri niongeze jamani, baba mkwe ana kisukari.