Koko amevunjika nyonga, tukubali bamupasule?

Mtoto wa Birere: Jamani munisaidie, koko yetu, muzee wa jamaa, ana miaka 84, jana usiku alianguka akienda ku choo, mguu umekuwa mufupi na umegeukia inje. Radio (picha ya mifupa) imeonyesha shingo ya mufupa wa paja imevunjika. Dokta anataka kumupasua haraka lakini bajomba banasema ni muzee sana, na ana presha, bamurudishe nyumbani bamukande.

Anfirmie Katindo: Pole sana. Kumukanda hapana, kabisa! Kulala kitandani wiki na wiki njo kunaua bazee: mapafu inashikwa, bidonda ku matako, damu inaganda mu miguu. Kama inawezekana apasuliwe mbele ya masaa 48. Presha bataipima na kuitengeneza, ata kuna ganzi ya mugongo, hapana lazima alale usingizi. Na mudai dawa ya maumivu SASA, maumivu inachanganya bazee akili.

Mama Himbi: Mama yangu alitiwa nyonga ya chuma, kesho yake kine (mwenye kuzoeza bagonjwa kusimama na kutembea) akamusimamisha, alilia lakini akasimama. Mumupe maji, mayai, samaki, na miwani yake ikuwe karibu.

Anfirmie Katindo: Na akipona, muulize dokta juu ya dawa ya kukaza mifupa.