Mrejesho: fizi za mama zilizokuwa zikitoka damu

Wapendwa, mwezi uliopita niliuliza kuhusu mama yangu, miaka 71: fizi zinatoka damu akipiga mswaki, jino moja linacheza, naye anasema ni uzee tu. Wengi mlinisihi nimpeleke kwa daktari wa meno. Nilimpeleka, na nawashukuru mno.

Si uzee. Ni ugonjwa wa fizi. Ukoga ulikuwa umegandamana hadi chini ya ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki kabisa, ikabidi usafishwe kwa vifaa, upande mmoja siku moja na wa pili wiki iliyofuata, kwa ganzi. Jino linalocheza halijang'olewa, linaangaliwa kwanza.

Lililonishtua ni maswali ya daktari kuhusu dawa zake. Mama anatumia amlodipini ya presha, na kumbe inaweza kuvimbisha fizi kwa baadhi ya watu. (Tusiache dawa wenyewe, jamani! Daktari wake wa presha ndiye atakayeamua.) Akapimwa na sukari, ikakutwa iko juu. Fizi zikiugua, sukari husumbua kudhibitika; na sukari ikipanda, fizi huzidi kuugua.

Meno yake ya bandia alikuwa akilala nayo miaka yote. Sasa anayavua usiku, anayasugua, anayaloweka kwenye maji. Mswaki ni laini, na vidole vyake vimekakamaa, kwa hiyo mpini tumeuzungushia kitambaa ashike vizuri.

Damu imepungua sana. Tunarudi baada ya miezi 3.